Collonges-la-Rouge: Kijiji Chekundu na Mikono Iliyokitunza

Maharusi wengi siku hizi huniuliza kuhusu vijiji vya kale vya Ufaransa, vile vya kuta za mawe na maua madirishani. Picha zinapendeza, lakini kila ukuta una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya wanawake.

Chukua mfano wa Collonges-la-Rouge, mkoani Corrèze. Nyumba zake zote ni nyekundu, kwa sababu mawe ya huko yana chuma ndani yake. Katika karne ya 16, maofisa wa watawala wa Turenne walijenga hapo majumba yenye minara. Eneo la Turenne lilikuwa na upendeleo wa kutolipa kodi za mfalme, mpaka mwaka 1738 lilipouzwa kwa Mfalme Louis wa 15 ili kulipa madeni. Neema ikapungua. Mwisho wa karne ya 19 akaja filoksera, mdudu mdogo anayekula mizizi ya mizabibu. Mashamba yakafa, watu wakahama, mapaa yakaanza kubomoka.

Pale chini ya paa la soko la zamani bado ipo tanuri ya mkate ya kijiji kizima. Zamani za mabwana wa ardhi, watu walilazimika kuoka katika tanuri ya bwana na kumlipa, mpaka Mapinduzi ya Ufaransa yalipofuta desturi hiyo.

Vijiji vingi vya Ufaransa vina pia birika la kufulia lenye paa. Mwaka 1851 ilipitishwa sheria ya kusaidia gharama za kuyajenga, kwa ajili ya usafi na afya. Wanawake walipiga magoti ukingoni, wakapiga nguo kwa ubao. Shuka zilichemshiwa kwa maji ya majivu, kazi ya siku kadhaa, kwa hiyo fua kubwa ilifanyika mara chache tu kwa mwaka.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini binti aliolewa na shuka kwa dazeni. Shuka nyingi hazikuwa za kujionyesha tu. Zilihitajika zitosheleze nyumba mpaka fua nyingine. Alizishona tangu utotoni, akatarizi herufi za jina lake, mara nyingi kwa uzi mwekundu, ili zisipotee zikichanganyika na za wengine.

Mwaka 1982 meya wa Collonges, Charles Ceyrac, aliwaunganisha mameya wenzake wakaunda jumuiya ya vijiji vizuri kupita vyote nchini humo. Kijiji kinachoomba kuingia kisizidi watu 2,000, na kiwe na angalau majengo au maeneo mawili yanayolindwa kisheria. Hivyo mawe yakapata watetezi. Lakini maji ya bomba yalipoingia majumbani, birika zikabaki kimya, na vijiji vingi hujaa wageni kiangazi, vikapwelea baridi ikifika.

Basi bibi harusi, ukijaaliwa kufika, piga picha yako mbele ya mnara. Kisha litafute birika la kufulia, uuguse ule ukingo. Na ukirudi nyumbani, mwombe bibi yako akufungulie kasha lake, akueleze kila nguo imetoka wapi, maadamu yupo wa kueleza.