Deccan Chargers: Mabingwa waliozimwa na madeni

KATIKA historia ya Ligi Kuu ya Kriketi ya India (IPL), hakuna timu iliyopanda kwa kasi na kuanguka kwa kishindo kama Deccan Chargers ya Hyderabad. Katika muda wa miaka mitano pekee, timu hiyo ilivuta mkia, ikatwaa ubingwa, ikarejea chini na hatimaye ikafutwa kabisa mwaka 2012.

Wapenzi wa kriketi wangali wanaitaja kila panapozuka mjadala kuhusu timu zinazomilikiwa na makampuni, kwani kisa chake chaonyesha jinsi mchezo unavyoweza kunawiri kwa fedha za mfanyabiashara na kufa kwa madeni yake.

KUZALIWA KWA TIMU

IPL iliasisiwa na Bodi ya Kriketi ya India (BCCI) kwa mechi za ova 20, ambazo humalizika kwa takriban saa tatu. Tofauti na mashindano ya zamani, ambapo wachezaji huwakilisha majimbo yao ya kuzaliwa au nchi zao, timu za ligi hii ziliuzwa kwa wenye fedha, na wachezaji wakanunuliwa kwa mnada.

Mnamo Januari 2008 timu nane za kwanza zilipigwa mnada. Kampuni ya Deccan Chronicle, wachapishaji wa gazeti lenye jina hilo mjini Hyderabad, ilipata timu ya mji huo kwa Dola 107 milioni za Marekani. Ni timu za Mumbai na Bangalore pekee zilizouzwa kwa bei ya juu kuliko hiyo.

Wamiliki hawakufunga mkoba. Walimnunua Andrew Symonds wa Australia kwa Dola 1.35 milioni, bei iliyopitwa na ile ya Mahendra Singh Dhoni pekee katika mnada huo. Walimwongeza Adam Gilchrist, mlinda wiketi na mpigaji hodari wa Australia, Herschelle Gibbs wa Afrika Kusini, Shahid Afridi wa Pakistan, na kijana Mhindi aliyeitwa Rohit Sharma. Unahodha ulikabidhiwa VVS Laxman, mzaliwa wa Hyderabad.

MSIMU WA AIBU

Kwenye karatasi, kikosi hicho kilitisha. Uwanjani, mambo yalikwenda kombo.

Katika msimu wa 2008, Deccan Chargers walishinda mechi mbili tu kati ya 14 na kumaliza katika nafasi ya nane na ya mwisho. Mashabiki wa Hyderabad hawakushuhudia ushindi hata mmoja nyumbani, kwani mechi zote mbili walizoshinda walizichezea ugenini. Mojawapo ilikuwa dhidi ya Mumbai Indians, siku ambayo Gilchrist alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 42.

MUUJIZA WA AFRIKA KUSINI

Mwaka 2009, IPL ilihamishiwa Afrika Kusini kwa sababu ratiba yake iligongana na uchaguzi mkuu wa India na vikosi vya usalama havingetosha kulinda shughuli zote mbili. Kwa timu nyingi huo ulikuwa usumbufu. Kwa Deccan Chargers, ambao nyumbani walikuwa wamepata kilio tu, ilikuwa heri.

Gilchrist alitwaa unahodha na Darren Lehmann, pia wa Australia, akawa kocha. Timu ilishinda mechi saba kati ya 14 na kuponea chupuchupu kuingia nusu-fainali ikiwa ya nne. Njiani Rohit Sharma, ambaye kazi yake ni kupiga, aliwashangaza wengi kwa kuangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo dhidi ya Mumbai Indians.

Katika nusu-fainali uwanjani Centurion mnamo Mei 22, 2009, Deccan walikutana na Delhi Daredevils, waliokuwa wameongoza msimamo wa ligi. Delhi walipata mikimbio 153. Gilchrist aliwajibu kwa kufunga 85 kwa mipira 35 pekee, na Deccan wakashinda kwa wiketi sita.

Siku mbili baadaye, fainali ilichezwa uwanjani Wanderers, Johannesburg, dhidi ya Royal Challengers Bangalore. Safari hii Gilchrist alitolewa katika ova ya kwanza bila mkimbio wowote, akiangushwa na nahodha mwenzake Anil Kumble. Mzigo ukamwangukia Gibbs, aliyevumilia hadi mwisho na kubaki na mikimbio 53. Deccan walifikisha 143 kwa wiketi sita, idadi ambayo haikuonekana kutosha.

Hata hivyo, warushaji wao walikaza kamba. Pragyan Ojha aliangusha wiketi tatu na Symonds mbili. Ova ya mwisho ilipowadia, Bangalore walihitaji mikimbio 15, na mpira ukakabidhiwa RP Singh. Aliwaruhusu minane tu. Deccan Chargers wakawa mabingwa kwa tofauti ya mikimbio sita.

Gilchrist alitangazwa mchezaji bora wa mashindano baada ya kufunga mikimbio 495, naye RP Singh aliongoza warushaji wote kwa wiketi 23. Timu iliyokuwa mkiani mwaka mmoja kabla ilikuwa sasa kileleni.

KUPOROMOKA

Mpanda ngazi hushuka. Katika Ligi ya Mabingwa iliyoandaliwa India baadaye mwaka huo, Deccan Chargers walipoteza mechi zao zote mbili na kuaga mapema.

Mwaka 2010 hawakuweza kucheza mjini kwao kutokana na ghasia za kudai jimbo jipya la Telangana, ambalo hatimaye liliundwa mwaka 2014. Mechi zao za nyumbani zilihamishiwa Nagpur, Cuttack na Navi Mumbai. Licha ya kutangatanga huko, walifika nusu-fainali na kushindwa na Chennai Super Kings, huku Ojha akiongoza warushaji wa ligi kwa wiketi 21.

Mnada mkubwa wa 2011 ulikivunja kikosi cha ubingwa. Gilchrist alikwenda Punjab. Symonds na Sharma wakanunuliwa na Mumbai. Nafasi zao zilichukuliwa na Kumar Sangakkara wa Sri Lanka, aliyepewa unahodha, na mrushaji wa kasi Dale Steyn wa Afrika Kusini. Timu ilimaliza ya saba kati ya kumi mwaka huo, na ya nane kati ya tisa mwaka 2012.

Kwa wasomaji wa Kenya, msimu huo wa 2012 una kumbukumbu ya pekee. Tanmay Mishra, mpigaji aliyeiwakilisha Kenya katika Kombe la Dunia la 2007 na la 2011, alikuwa miongoni mwa wachezaji waliosajiliwa na Deccan Chargers.

Mechi ya mwisho ilichezwa Hyderabad mnamo Mei 20, 2012. Deccan, ambao hawakuwa na lolote la kuwania, waliwalaza Bangalore kwa mikimbio tisa na kuwafungia mlango wa mchujo. Steyn aliangusha wiketi tatu kwa mikimbio minane tu. Timu iliyonyakua ubingwa kwa kuishinda Bangalore iliaga ulimwengu wa kriketi kwa kuishinda Bangalore.

KUFUTWA

Nje ya uwanja, Deccan Chronicle ilikuwa imezama katika madeni ya mabenki. Septemba 2012 wamiliki waliipiga mnada timu hiyo. Mnunuzi mmoja pekee alijitokeza, akitoa rupia bilioni 9, nao wakamkataa. Siku iliyofuata BCCI ilitangaza kuvunja mkataba.

Wamiliki walikimbilia Mahakama Kuu ya Bombay, iliyowataka waweke dhamana ya benki ya rupia bilioni 1. Muda ulipita bila dhamana hiyo kupatikana, na Oktoba 2012 timu ikafutika.

Kesi haikuishia hapo. Mnamo Julai 2020 msuluhishi aliamua kwamba mkataba ulivunjwa kinyume cha sheria na kuagiza BCCI ilipe takriban rupia bilioni 48. Juni 2021, Mahakama Kuu ya Bombay iliutupilia mbali uamuzi huo.

URITHI

Nafasi ya Hyderabad katika ligi ilinunuliwa na kampuni ya televisheni ya Sun TV Network kwa rupia milioni 850.5 kwa mwaka. Timu mpya, Sunrisers Hyderabad, ilianza kucheza 2013 na kutwaa ubingwa wa 2016, ikiishinda Bangalore katika fainali. Bangalore walilazimika kungoja hadi 2025 kupata taji lao la kwanza.

Rohit Sharma, kijana wa mwaka 2009, aliiongoza Mumbai Indians kutwaa mataji matano na India kunyakua Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024. Symonds alifariki katika ajali ya gari nchini Australia mwaka 2022.

Taji la 2009 lingali katika orodha ya mabingwa, lakini halihesabiwi kuwa la Sunrisers. Ni la timu isiyokuwapo tena.

REKODI KWA UFUPI

2008: mechi 14, ushindi 2, nafasi ya 8
2009: mechi 16, ushindi 9, mabingwa
2010: mechi 16, ushindi 8, nusu-fainali
2011: mechi 14, ushindi 6, nafasi ya 7
2012: mechi 16, ushindi 4, moja bila matokeo, nafasi ya 8

Kwa jumla, katika mechi 75 za IPL zilizopata matokeo, Deccan Chargers walishinda 29 na kupoteza 46.