Usimamizi wa watumishi wa ununuzi katika halmashauri

Usimamizi wa watumishi wa ununuzi katika halmashauri ni kazi ya kuwapangia majukumu, kuwaelekeza, kuwakagua na kuwalinda watumishi wanaonunua bidhaa, huduma na kazi za ujenzi kwa fedha za serikali za mitaa. Tanzania Bara, kazi hii iko mikononi mwa mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, chini ya mkurugenzi wa halmashauri ambaye kisheria ndiye afisa masuuli. Msingi wake ni kwamba mtu mmoja asishike ununuzi wote peke yake, tangu kitu kinapoombwa hadi kinapolipiwa.

Historia

Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 katika mpango wa madaraka mikoani. Za mijini zilirudi mwishoni mwa miaka ya 1970, na za wilaya mwaka 1984 baada ya sheria za mwaka 1982. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2001 ilifuatiwa na ya 2004, iliyoondoa Bodi Kuu ya Zabuni, ikaanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, na kuziachia taasisi nunuzi zenyewe uamuzi wa zabuni zao. Sheria ya 2011 iliyofuata ilirekebishwa mwaka 2016, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024.

Kuondoka kwa Bodi Kuu kulihamishia mzigo kwa taasisi nunuzi zenyewe. Katika halmashauri, ubora wa ununuzi unategemea zaidi watumishi wachache wa kitengo kimoja na yule anayewasimamia.

Mgawanyo wa madaraka

Sheria imegawa kazi ili kila mhusika awe na sehemu yake. Idara inayohitaji kitu huanzisha ombi na kueleza sifa za kinachotakiwa. Kitengo huandaa nyaraka za zabuni, hutangaza na kutunza kumbukumbu. Pia ndicho sekretarieti ya Bodi ya Zabuni ya halmashauri. Kamati ya Tathmini hupima zabuni kwa vigezo vilivyotangazwa, Bodi huidhinisha, na afisa masuuli hubeba dhamana ya jumla. Sheria inavitaka vyombo hivi vifanye kazi bila kuingiliana.

Mgawanyo huo hudumu pale tu msimamizi anapoulinda kila siku. Afisa ununuzi aliyeandika vigezo asikae kuwapima wazabuni, na aliyekusanya bei asipokee mzigo. Katika halmashauri yenye watumishi wachache, mtu huyohuyo huombwa afanye yote kwa sababu hakuna mwingine. Dawa yake ni kuomba watumishi wa idara nyingine waingie kwenye kamati, kwa barua ya uteuzi kutoka kwa afisa masuuli, badala ya kumwachia mtu mmoja kila kitu.

Kazi za msimamizi

Kazi ya kwanza ni Mpango wa Ununuzi wa Mwaka. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo mahitaji ya idara yanapaswa kukusanywa na kuunganishwa mapema. Mpango mbovu huzaa ununuzi wa dharura usio na dharura yoyote. Huzaa pia ununuzi uliokatwa vipandevipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachodai ushindani, jambo ambalo sheria inalikataza. Msimamizi makini hupitia maombi ya robo mwaka kwa pamoja. Akiona karatasi za kuchapia zimeagizwa mara nne na idara nne, huyaunganisha kuwa ombi moja.

Ya pili ni kuwapangia watumishi kazi kwa uwezo na kuwabadilisha nafasi. Mtunza stoo aliyekaa miaka mingi bila kuhamishwa huzoeana mno na wauzaji walewale. Ya tatu ni taaluma: maafisa ununuzi na ugavi wanapaswa kusajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 2007 kurithi bodi iliyokuwapo tangu 1981. Ya nne ni kumbukumbu. Jalada la kila zabuni lisomeke tangu ombi hadi malipo bila mtu kusimama pembeni kueleza.

Kupokea mzigo

Udhaifu mwingi huonekana getini. Tuseme lori limeleta mifuko 200 ya saruji, kila mmoja kilo 50, kwa ajili ya madarasa ya sekondari ya kata. Kamati ya mapokezi huhesabu mifuko inaposhushwa, hukagua daraja la saruji lililoandikwa kwenye mfuko kama ndilo lililoagizwa, na hutenga mifuko iliyoganda au kuchanika. Mifuko 194 ikiwa mizima, hati ya mapokezi iandikwe 194, hata kama dereva ana haraka na ankara inasema 200. Ndipo mtunza stoo aingize kwenye leja.

Kabla ya malipo, msimamizi huweka mezani karatasi tatu: hati ya kuagiza, hati ya mapokezi na ankara. Idadi, bei na sifa zikikubaliana, malipo yaendelee, zikipishana, yasimame. Ukaguzi huu wa dakika chache huokoa fedha ambazo mkaguzi angekuja kuzihoji baada ya mwaka.

Shule na zahanati

Sehemu ya ununuzi wa serikali za mitaa haifanywi na wataalamu. Kwa utaratibu wa force akaunti, shule au zahanati hununua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa eneo lake. Wanaonunua ni mwalimu mkuu, mganga mfawidhi na wanakijiji waliochaguliwa kuingia kwenye kamati za ujenzi, ununuzi na mapokezi. Utaratibu huu umepunguza gharama za majengo mengi na kuwapa wananchi nafasi ya kuona fedha zao zinavyotumika.

Hata hivyo, mwalimu mkuu alisomea kufundisha, na kumkagua bila kumwelekeza kwanza ni kumwonea. Kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti ya shule, kitengo kinapaswa kumtuma afisa akaifundishe kamati kulinganisha bei, kuandika muhtasari wa kikao, kudai risiti na kutunza leja. Kisha arudi ujenzi ukiwa umefika kwenye lenta, wakati bado kuna la kurekebisha.

Mfumo wa kielektroniki

Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Mfumo huonyesha nani alifanya nini na saa ngapi, na umepunguza safari za wazabuni kwenda ofisini na bahasha. Una hatari moja ambayo msimamizi hapaswi kuivumilia: watumishi kuachiana nywila ili kazi iende haraka. Afisa anayeidhinisha kwa akaunti ya mwenzake amevunja mgawanyo wa madaraka hata kama skrini inaonyesha kila hatua imefuatwa.

Maadili na shinikizo

Watumishi wa ununuzi hukabiliwa na vishawishi vya wauzaji na shinikizo la wakubwa. Sheria inamtaka mwenye masilahi kwenye zabuni ayatangaze na kujitoa, na rushwa katika ununuzi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, inayosimamiwa na TAKUKURU. Adhabu peke yake haitoshi. Afisa wa daraja la chini anapopigiwa simu na kiongozi kuhusu zabuni, anahitaji mkuu wake aseme: leta jambo hilo kwangu kwa maandishi. Msimamizi anayemwachia mtumishi wake mzigo huo ameshindwa kazi.

Ukaguzi

Mkaguzi wa ndani hutoa taarifa kila robo mwaka, PPRA hukagua taasisi nunuzi, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti kwa Rais kila mwisho wa Machi. Hoja za halmashauri huishia mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC.

Kenya

Kwa kulinganisha na Tanzania Bara, kaunti 47 za Kenya hununua chini ya sheria ya 2015, iliyoondoa kamati za zabuni. Huko mkuu wa ununuzi hupitia ripoti ya tathmini na kutoa maoni ya kitaalamu kwa maandishi, kisha afisa masuuli huamua. Jina la kila mmoja hubaki kwenye jalada, hivyo hawezi kujificha nyuma ya kikao.

Tathmini

Sheria za ununuzi zimebadilika mara kadhaa tangu 2001, na mifumo imeboreshwa. Bado hakuna sheria wala mfumo unaoweza kuhesabu mifuko ya saruji getini au kukataa simu ya mkubwa. Halmashauri inayotaka thamani ya fedha zake iajiri watumishi wa kutosha, iwasomeshe, na impe mkuu wa kitengo mamlaka ya kusema hapana.