Zamu wa pori: walinzi wa Parki ya Upemba

Hapa kwetu Kolwezi, kila mtoto anajua neno «zamu»: ni yule baba anayekesha ku mlango wa kampuni, tochi mkononi. Lakini kuna zamu wengine ambao hatuwaoni, wale wa pori. Tukiuliza wanafunzi wetu nani analinda nyama wa Katanga, wengi wananyamaza tu. Basi tuanze mbali kidogo.

Mbele ya wazungu, uwindaji ulikuwa na sheria yake. Waluba wanasimulia kwamba Mbidi Kiluwe, baba wa Kalala Ilunga, alikuwa mwindaji. Ni kusema ufalme wenyewe ulitoka porini. Mtu hakuingia kuwinda ovyo. Alifundishwa, alishika miiko, na ngozi ya chui haikuwa yake, ilikwenda kwa mulohwe. Hatusemi wazee walihifadhi nyama namna tunavyosema leo, hapana! Wakati wa Msiri, pembe za tembo ziliuzwa sana kule Bunkeya. Lakini pori lilikuwa na mwenyewe, na watu walimjua.

Tarehe 15 Mei 1939 Wabeleji waliunda Parki ya Upemba, kati ya Lualaba na Lufira. Mwanzoni ilikuwa na kilometa mraba 17 730. Mwaka 1975 mipaka ikasogezwa ndani. Hapo mwenye pori akabadilika. Mwindaji wa jana akaitwa mwizi, na waliopewa bunduki ili wamkamate walikuwa mara nyingi watoto wa vijiji vya karibu. Kazi ya mlinzi ilianza na kidonda hicho, na mpaka leo hakijapona vizuri.

Kazi yenyewe ni miguu. Walinzi wanatembea siku nyingi, chakula mgongoni, wanafuata nyayo, wanaondoa mitego ya waya, wanaandika ndani ya daftari walichoona. Huko juu, Lusinga, ku milima ya Kibara, kuna nyasi, baridi, na punda milia wa mwisho wa inchi yetu. Huko chini, Mabwe, ku ziwa la Upemba, shida ni ingine: mitumbwi, na nyavu zenye matundu madogo zinazobeba hata watoto wa samaki. Mvuvi anasema, «Baba yangu alivua hapa.» Mlinzi anajibu kwamba sheria inakataza. Wote wawili wana watoto wa kulisha.

Halafu vita. Mwaka 2004 Mai-Mai walishambulia makao ya Lusinga, watu wakauawa. Mshahara wa mlinzi ulikuwa mdogo, na mwenye kumvizia alikuwa na kalashnikov. Nyuma ya pembe za tembo ikaja kolta. Rodrigue Katembo, aliyeingizwa jeshini akiwa na miaka 14, alikuja kuongoza Upemba kutoka Virunga, akafunga machimbo ya kolta ndani ya parki. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Goldman. Mwaka huo huo ICCN ilipatana na shirika la Forgotten Parks ili waongoze parki pamoja.

Wakubwa wa Kolwezi watatuambia: Upemba ni mbali, inatuhusu nini? Tuangalie sahani zetu. Samaki wakavu wengi wanaouzwa ku soko zetu wanatoka ku maziwa yale. Na tuangalie maji. Mto Musonoi, uliopokea matope ya viwanda vyetu miaka na miaka, unaingia Lualaba. Lualaba inashuka mpaka Bukama, inaingia ku maziwa ya Upemba. Kilima cha mabaki cha Kingamyambo tunakijua wote. Watoto wetu wanakiona kila siku wakienda masomo. Zamu wa Mabwe anaweza kusimamisha mtumbwi, kupima wavu, kukamata bunduki. Maji yanayotoka kwetu yanapita mbele yake usiku na mchana, na hana namna ya kuyasimamisha.