Ada ya Kupanga Diski na Kuja kwa Diski Isiyozunguka

Katika ada zote zilizozuka baina ya wanadamu na kompyuta, sidhani kama iko iliyoshikwa kwa uaminifu kuliko ile ya kuzipanga upya faili za diski, ambayo mafundi huiita kudifragi. Na ajabu yake ni kwamba ada hiyo bado yafuatwa hata pale ambapo sababu yake imekwisha ondoka.

Asili yake ni umbo la diski yenyewe. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, ambayo diski yake ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na zote pamoja zikihifadhi herufi zipatazo milioni 5 tu. Tangu zama hizo diski zilipungua kimo na kuzidi uwezo, illa sharti moja halikubadilika: ili neno lipate kusomwa, mkono wenye kichwa cha kusomea hauna budi kusogea mpaka kwenye njia yake, kisha ungoje sahani izunguke hata neno lenyewe lipite chini yake; na kusogea na kungoja huko, katika diski za majumbani, kulikula sehemu kumi hivi za elfu za sekunde, muda ambao kwa mwanadamu si kitu, ila kwa kompyuta ni dahari.

Basi IBM ilipoanza kuuza kompyuta ya XT mwaka 1983, yenye diski ya megabaiti 10, taksiri ya mfumo wa MS-DOS ikadhihirika. Mfumo huo uliweka faili popote ulipokuta nafasi: barua ikifutwa, pengo lake lilijazwa kipande cha hesabu za mwezi, na kipande cha pili kikaenda mbali, na cha tatu mbali zaidi, hata mkono wa diski ukawa unarukaruka huku na huko kwa ajili ya faili moja. Ndipo programu ya Speed Disk ya Peter Norton ilipopata soko, na mwaka 1993 Microsoft yenyewe ikatia programu ya DEFRAG ndani ya MS-DOS 6, ikiwa imepewa idhini na Symantec, kampuni iliyokwisha kuinunua ile ya Norton mwaka 1990. Waliotumia Windows 95 hawawezi kuvisahau vile visanduku vya rangi vilivyohamahama kiooni kimoja kimoja, huku diski ikikwaruza ndani ya kasha, na mwenye mashine ameketi akitazama kana kwamba kutazama kwake kunaharakisha kazi.

Wakati huohuo, kule Japani, mhandisi wa Toshiba, Fujio Masuoka, alikuwa amekwisha itangaza kumbukumbu ya flashi mwaka 1984, na ile aina ya NAND ikafuata mwaka 1987. Humo hamna sahani wala mkono. Herufi ni chaji ya umeme iliyofungiwa katika chembe, na chembe ya karibu na ya mbali husomwa kwa muda uleule. Lakini kila hikima ina kodi yake. Flashi huandikwa ukurasa kwa ukurasa, ilhali kufutwa hufutwa bloku nzima yenye kurasa nyingi, mithili ya ubao wa chuoni ambao mtoto hawezi kuandika somo jipya ila auoshe wote. Na kila ufutaji huuchakaza utando unaoizuia chaji, hata baada ya mara elfu kadhaa, kwa aina zilizoenea leo, chembe haitegemeki tena.

Kwa kuhofia uchakavu huo, watengenezaji walitia ndani ya SSD, yaani ile diski isiyozunguka iliyoundwa kwa flashi, kidhibiti ambacho kazi yake ni kuyahamisha maandishi daima, ili isiwepo bloku itakayoonewa kuliko nyenzake. Hapa ndipo programu ya kupanga inapokuwa kipofu: mpango inaouona ni ule tu ambao kidhibiti kimeuonyesha, wala haijui mahali hasa zilipo herufi. Ivipange visanduku vyake kwa unadhifu upendao, ndani ya diski yaweza kuwa yameongezeka maandishi tu, na umri wa chembe umekatwa bila ya faida. Kufanya hivyo mara moja hakuiui diski, na wanaosema huiua wanazidisha. Kufanya kila juma ni israfu.

Dawa iliyofaa haikuwa kupanga, bali kuarifu. Kaida ya zamani ilikuwa kwamba faili ikifutwa, mfumo hufuta jina lake katika orodha, na diski yenyewe haiambiwi lolote. SSD ikawa inayabeba na kuyahamisha maandishi yaliyokufa, haina habari. Amri ya TRIM, iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009, ndiyo iliyoanza kuipa diski habari hiyo, na Windows 7 hiyohiyo ikaacha kudifragi SSD kwa ratiba. Katika Windows 8, mwaka 2012, chombo cha zamani kilibadilishwa jina kikaitwa cha kuboresha diski, nacho kikikuta SSD hupeleka TRIM badala ya kupanga. Nacho si kwamba hakipangi kabisa: pale penye nakala za kurejeshea mfumo, huzipanga faili za SSD mara moja moja, kwa sababu faili iliyokatika vipande vingi mno huulemea mfumo wa faili wenyewe, hata kama diski haioni tofauti. Kazi hiyo ni heri kuachiwa mfumo.

Huku kwetu, kompyuta nyingi huja zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli, Nairobi, huitoa diski iliyochoka akatia SSD, kisha mwenyewe akafika nyumbani akazirudisha programu zake zilezile za usafi. Kati ya hizo, zinazofuta faili za muda na takataka za kivinjari hazina madhara kwa diski, maana kufuta si kuandika sana. Zinazofagia rejista ya Windows ndizo za kuhadhari, kwa kuwa Microsoft haiungi mkono matumizi yake, na mwanzo wa kosa ni kufuta kisichojulikana kazi yake. Tena mwaka 2017 toleo la CCleaner, programu mashuhuri ya usafi, lilitoka katika seva za wenyewe likiwa limetiwa kirusi, likaingia katika kompyuta zaidi ya milioni 2. Hatari hiyo haikuhusu diski ya aina hii wala ile.

Illa mbaya kuliko zote kwa SSD ni ile huduma ya kuifunika nafasi tupu kwa sifuri ili siri zilizofutwa zisifukuliwe. Katika diski ya sahani ilikuwa na maana. Katika SSD huijaza diski nzima maandishi yasiyo na kazi, na juu ya hayo haitimizi hata madhumuni yake, kwani kidhibiti hujiwekea akiba ya bloku ambazo programu ya nje haizifikii. Mwenye siri ya kufuta hutumia amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, ambayo huziosha bloku zote, na zile za akiba zikiwemo.