Cheo cha Askari na Sheria

Msomaji, ukitoka mjini Eldoret ukashika njia ya kusini utafika Kesses, nchi ya baridi, ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ukikutana na askari polisi huko, utazame mkono wa vazi lake. Tepe mbili ni za koplo. Tepe tatu ni za sajini. Jiulize: nani aliyempa tepe hizo, na kwa sababu gani? Swali hilo ni dogo kwa sura, lakini amani ya watu wengi imo ndani yake.

Polisi wa Kenya waliwekwa kwa sheria mwaka 1906, katika utawala wa Waingereza. Siku zile rangi ya ngozi ndiyo iliyokuwa ngazi. Mzungu alianza kazi juu. Mhindi aghalabu aliwekwa katikati. Mwafrika aliingia chini, akatumika miaka mingi, na kwa kawaida safari yake ilikoma katika vyeo vya sajini. Hodari na mvivu waliukuta mlango ule ule umefungwa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mlango ulifunguka, na baadaye Bernard Hinga akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Kamishna wa Polisi. Lakini kuondoka kwa ubaguzi wa rangi hakukuondoa kila upendeleo.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilionyesha hatari ya jambo hilo. Uasin Gishu, ambamo Kesses imo, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika nchi nzima. Iliwalaumu polisi pia, ikashauri kazi yao itengenezwe upya. Mwaka 2009 kamati ya Jaji mstaafu Philip Ransley ilichunguza habari za polisi, na miongoni mwa malalamiko yaliyoifikia yalikuwamo ya vyeo kutolewa kwa kujuana, kwa ukabila na kwa rushwa.

Ndipo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 246, ikaunda Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi na kuipa kazi ya kuamua upandishaji vyeo. Ndani yake wamo mtu astahiliye kuwa jaji wa Mahakama Kuu, maafisa wa polisi wastaafu wawili, raia waadilifu watatu, na Inspekta Jenerali pamoja na manaibu wake wawili. Kifungu cha 232 kilitaka ushindani wa haki na ustahili viwe msingi wa kupanda cheo. Mwaka 2015 zilifuata kanuni za kupandisha vyeo. Shabaha ilikuwa moja: cheo kisitoke katika kiganja cha mtu mmoja.

Hata hivyo, sheria ni kama ua wa shamba. Usipotunzwa, ng'ombe huingia. Mwaka 2025 ubishi juu ya mipaka ya mamlaka ya tume na ya Inspekta Jenerali ulifika mahakamani.

Huenda utasema kwamba jambo hili ni la askari peke yao. Sivyo. Siku ya ghasia mwenye cheo ndiye aamuruye. Aliyepandishwa na mtu humtazama mtu huyo kwanza. Aliyepandishwa kwa haki hana deni ila kwa sheria na kwa raia. Wahenga walisema kuwa chanda chema huvikwa pete. Kazi ya kanuni ni kuhakikisha kwamba pete hiyo haivikwi chanda kibovu.