Daraja la Stirling katika Utenzi na katika Sinema

Katika mwaka 1995 ilitolewa picha ya sinema iitwayo Braveheart, iliyoongozwa na Mel Gibson, ambaye pia ndiye mchezaji wake mkuu. Picha hiyo yahusu maisha ya William Wallace na maasi ya Waskoti juu ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza. Urefu wake ni karibu saa 3, na mwaka uliofuata ilipata tuzo 5 za Oscar, mojawapo ikiwa ile ya picha bora ya mwaka. Tangu hapo watu wengi, ndani ya Uskoti na nje yake, wakitaja vita vile vya zamani hutaja yale waliyoyaona katika sinema. Wanahistoria nao hawakuchoka kuyahesabu makosa yake. Hesabu hiyo ina manufaa, lakini makosa yote hayana uzito mmoja. Na lile lililo kubwa kuliko yote aghalabu hutajwa kwa kicheko tu, yaani kwamba katika Vita vya Daraja la Stirling, daraja halimo.

Makosa mepesi yaweza kupitiwa upesi. Picha yaanza katika mwaka 1280 kwa kutangaza kwamba mfalme wa Waskoti amekufa bila ya kuacha mwana, ilhali Mfalme Alexander wa Tatu aliishi hadi mwezi wa Machi 1286. Waskoti wamevikwa shuka za mirabaraba za namna iliyojulikana karibu miaka 300 baadaye, na nyuso zao zimepakwa rangi ya nili kana kwamba ni Wapikti wa zamani za Warumi. Hakuna ushahidi kwamba Edward alipata kuwapa makabaila wake haki ya kulala na bibi arusi wa Kiskoti usiku wa kwanza. Na Isabella, binti wa mfalme wa Ufaransa, ambaye katika picha achukua mimba ya Wallace, alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi Wallace alipouawa; aliolewa mwaka 1308, na mwanawe wa kwanza akazaliwa mwaka 1312. Mambo hayo ni chumvi ya msimuliaji, na msimuliaji huruhusiwa chumvi. Jambo la daraja si chumvi. Daraja ndilo lililokuwa vita vyenyewe.

Alexander alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi wake usiku, karibu na Kinghorn. Watoto wake wote walikuwa wamekwisha kumtangulia, na mrithi aliyesalia alikuwa mjukuu wake Margaret, binti wa mfalme wa Norwei, naye akafariki safarini mwaka 1290, akiwa na umri wa miaka 7. Wadai 13 wakajitokeza kukitaka kiti. Makabaila wa Uskoti, kwa kuogopa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walimwendea Edward awaamue. Naye akakubali, lakini kwanza akawataka wamkiri kuwa ni bwana mkubwa wa nchi yao. Ndivyo mwamuzi alivyojifanya mwenye mali. Novemba 1292 alimchagua John Balliol, kisha akamtendea kama mtumishi, hata Waskoti wakafanya mapatano na Ufaransa mwaka 1295. Mwaka wa pili yake Edward aliuteka mji wa Berwick na kuwaua watu wake kwa wingi, akalishinda jeshi la Waskoti huko Dunbar, akamwuzulu Balliol na kumvua alama za ufalme, akalichukua lile Jiwe la Scone ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake. Wenye ardhi zaidi ya 1,500 walitiwa majina yao katika hati za kiapo. Edward akarudi kwao akidhani kazi imekwisha.

Mwezi wa Mei 1297 maasi yalizuka mahali pengi kwa mara moja. Kusini, Wallace, ambaye alitoka katika nyumba ya wenye ardhi wadogo wala hakuwa mkulima maskini, alimwua William Heselrig, liwali wa Lanark. Kaskazini aliinuka Andrew Murray, kijana wa nyumba kubwa, aliyetekwa Dunbar na kufungwa katika ngome ya Chester, akatoroka, akarudi kwao na kupandisha bendera huko Avoch. Katika miezi michache alikuwa amewaondoa askari wa Edward katika sehemu kubwa ya kaskazini. Makabaila wengine pamoja na Askofu Wishart wa Glasgow nao waliasi, lakini mwezi wa Julai wakasalimu amri huko Irvine. Wallace na Murray hawakusalimu. Wakaunganisha watu wao, wakauelekea mji wa Stirling. Katika sinema Murray hayumo.

Stirling ulikuwa mlango wa nchi. Mto Forth hapo hujipinda kama nyoka katika bonde la tope, na aliyetaka kupeleka jeshi kaskazini hakuwa na njia nyingine iliyo nzuri. Daraja lilikuwa la mbao, na upana wake uliwatosha wapanda farasi wawili tu kwenda sambamba. Ng'ambo ya kaskazini palikuwa na njia nyembamba katikati ya majimaji, ikielekea kilima cha Abbey Craig, na huko Wallace na Murray waliwapanga watu wao wa mikuki. Upande wa kusini alikuwako John de Warenne, kabaila mkuu wa Surrey, mzee aliyelalamika kwamba hewa ya Uskoti yaiharibu afya yake. Pamoja naye alikuwako Hugh Cressingham, mweka hazina wa Edward katika nchi ile.

Habari za siku hiyo, tarehe 11 Septemba 1297, zimehifadhiwa zaidi na Walter wa Guisborough, mtawa wa Kiingereza, ambaye hakuwa na sababu ya kuwapamba Waskoti. Yeye asema kwamba alfajiri askari wa miguu walikwisha vuka daraja, wakarudishwa kwa kuwa Warenne alikuwa hajaamka. Baadaye wakatumwa watawa wawili kuwauliza Waskoti kama watasalimu. Jibu la Wallace lilikuwa kwamba hawakuja kutafuta amani, wamekuja kupigana. Ndipo Richard Lundie, Mskoti aliyejiunga na Waingereza kule Irvine, aliposhauri apewe kikosi akavuke mahali penye maji mafupi, panapopitika watu 60 kwa mara moja, ili amzunguke adui kwa nyuma. Cressingham akapinga kuchelewa. Hoja yake ilikuwa ya fedha: vita vimekwisha gharimu mno, na mali ya mfalme isipotezwe bure. Ni yeye huyo huyo aliyekuwa amewarudisha makwao askari wa msaada ili kupunguza matumizi. Bila shaka mfalme yeyote angefurahi kuwa na mweka hazina wa namna hiyo wakati wa amani.

Wakaanza kuvuka wawili wawili. Kilimani hakushuka mtu. Jambo hili lastahili kutazamwa vema, maana ugumu wa siku ile haukuwa katika kupiga, ulikuwa katika kungoja: kuwazuia watu wenye hasira, ambao wengi wao hawakupata kufunzwa uaskari, wakae mahali pao huku wakimwona adui akijipanga chini yao. Lau wangalishuka mapema wangaliwakuta wachache, na jeshi kubwa lingalibaki salama ng'ambo. Lau wangalichelewa, farasi wa vita wangalikuwa wengi kuliko wawezavyo kuzuiwa. Walishuka ilipokwisha vuka ile sehemu waliyoweza kuimaliza. Kikosi kimoja kikakimbilia kichwa cha daraja, kikaziba njia. Waliovuka wakawa wametengwa na wenzao, nyuma yao mto, na chini yao tope ambalo farasi wenye kubeba watu wa deraya hawakuweza kulikimbilia. Warenne aliyatazama hayo kutoka ng'ambo bila ya kuweza kuwasaidia. Marmaduke Tweng alijipenyeza kwa upanga akarudi juu ya daraja. Wengine wengi, wakiwamo askari wa miguu kutoka Welisi, walikufa kwa mkuki au kwa maji. Cressingham aliuawa, na ngozi yake ikachunwa na kugawanywa vipande. Warenne akaamuru daraja livunjwe, akapanda farasi akakimbilia Berwick.

Yote haya katika sinema yamekuwa uwanja mpana wa majani, uliopigwa picha katika Ayalandi. Majeshi mawili yatazamana; shujaa apita mbele juu ya farasi akihutubu; wapanda farasi wa Kiingereza waja mbio, na mikuki mirefu yainuliwa mbele yao kwa ghafula. Kwa kazi ya sinema haya hayana aibu, na macho hayachoki kuyatazama. Lakini ushindi uliopatikana kwa subira na kwa kuijua ardhi umegeuzwa kuwa ushindi wa hasira na sauti. Mtazamaji aondoka akiamini kwamba wanyonge walishinda pale kwa kuwa hasira yao ilikuwa ya haki. Watu wa Irvine nao walikuwa na hasira ya haki.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Oktoba, iliandikwa huko Haddington barua ya Kilatini kwenda kwa wafanya biashara wa Lübeck na Hamburg katika Ujerumani. Yawashukuru kwa wema wao, yawapasha habari kwamba nchi imekombolewa kwa vita kutoka mikononi mwa Waingereza na hivyo bidhaa zao zaweza kuingia bandarini kwa salama, na yawaombea msaada wafanya biashara wawili. Anayekitafuta katika barua hii kile kilio cha uhuru cha sinema hatakipata. Atakuta nchi inayotaka kuuza na kununua kwa jina lake yenyewe, na labda hiyo ndiyo maana ya uhuru iliyokuwa karibu zaidi na watu wa bandarini. Barua yatolewa kwa jina la Andrew Murray na William Wallace, viongozi wa jeshi la ufalme wa Uskoti, na la umma wa ufalme huo. Jina la Murray latangulia. Barua nyingine ya tarehe 7 Novemba, iliyowapa ulinzi watawa wa Hexham, ina majina yale yale, na yasema kwamba viongozi hao watenda kwa niaba ya Mfalme John. Balliol aliyevuliwa ufalme, ambaye katika sinema hana kiti, ndiye mfalme waliyempigania.

Murray alikuwa amejeruhiwa pale Stirling, naye akafariki kabla ya mwaka kwisha. Mwanawe, aliyezaliwa baada ya kifo chake na kupewa jina lake, alikuja kuwa Mlinzi wa Ufalme katika miaka ya 1330. Wallace akabaki peke yake. Akafanywa Mlinzi, na tarehe 22 Julai 1298 akakutana na Edward mwenyewe huko Falkirk. Duara zake za mikuki zilisimama imara mbele ya farasi, lakini wapiga mishale wakazitoboa. Kama mambo yangalikwenda vingine lau Murray angalikuwa hai ni swali lisilo na jibu; aliyeitazama sinema hawezi hata kuliuliza. Wallace alijiuzulu, akaenda Ufaransa, akarudi, akakamatwa karibu na Glasgow mwaka 1305 na watu wa John Menteith, Mskoti mwenzake. Tarehe 23 Agosti alihukumiwa huko Westminster kwa uhaini. Alijibu kwamba hakupata kuwa haini kwa Edward, kwani hakupata kumwapia. Akauawa siku hiyo hiyo huko Smithfield. Ushindi mkubwa wa Robert Bruce huko Bannockburn ulikuja mwaka 1314.

Makosa mengi ya sinema si yake yenyewe. Mwandishi wa mchezo, Randall Wallace, aliutegemea utenzi uitwao The Wallace, uliotungwa yapata mwaka 1477 na mshairi ajulikanaye kwa jina la Blind Harry, miaka zaidi ya 170 baada ya kifo cha shujaa. Una karibu mistari 12,000, na ulisomwa sana Uskoti, hasa baada ya William Hamilton wa Gilbertfield kuutoa kwa lugha nyepesi mwaka 1722. Kisasi cha mwanamke aliyeuawa na liwali, na malkia wa Uingereza anayemwendea Wallace kambini, asili yake ni humo. Hata baba yake Wallace, ambaye sinema yamwita Malcolm, ni Malcolm wa utenzi. Muhuri wa Wallace ulio juu ya barua ya Lübeck wamtaja kuwa ni mwana wa Alan. Wazoefu wa tenzi hawatashangaa, maana shujaa wa utenzi huvikwa matendo ya wengi.

Walakini Harry hakuliondoa daraja. Alilizidishia. Asema kwamba Wallace alimwita seremala akalikata kwa msumeno, kisha akamweka chini yake ili aondoe kigingi wakati ufaao. Guisborough hana habari ya msumeno wala ya kigingi. Hata hivyo aliyeitunga hadithi ile alifahamu kwamba ushindi ulitoka darajani. Murray naye yumo katika utenzi, ingawa ni kwa kutajwa tu miongoni mwa waliokufa siku hiyo. Kile alichokitia chumvi mshairi wa karne ya 15, mtengeneza picha wa karne ya 20 amekimwaga.

Sinema ilifika Uskoti watu wakijadiliana juu ya kuwa na bunge lao. Chama cha Scottish National Party kiliwagawia watazamaji karatasi zake nje ya majumba ya sinema. Tarehe 11 Septemba 1997, miaka 700 kamili baada ya vita vya daraja, kura ilipigwa, na watu 74 katika kila 100 waliopiga wakalikubali bunge. Itakuwa ni kuivika picha joho lisilo lake kusema kwamba ndiyo iliyoleta hayo, kwani kura ya namna hiyo iliwahi kupigwa mwaka 1979. Katika mwaka huo wa 1997 sanamu ya Wallace yenye uso wa Mel Gibson iliwekwa chini ya Abbey Craig, kilima chenye mnara wa Wallace uliofunguliwa mwaka 1869. Iliharibiwa na watu wasioipenda, ikawekewa uzio, na mwaka 2008 ikaondolewa. Barua ya Lübeck ililetwa Edinburgh mwaka 2012, ikaonyeshwa katika jengo la bunge. Waliokwenda kuitazama walikuta kipande kidogo cha ngozi chenye maandishi ya Kilatini, na mwanzoni mwake majina mawili, la Murray kwanza.