Kutoka Mtoni Hadi kwenye Jerikani: Historia ya Kufua Nguo

Jumamosi ukipita hapa Rugaaga, kila kamba imejaa nguo na kwenye bomba kuna foleni ya jerikani. Bibi yangu, aliyekulia Uvira, huangalia ile foleni na kusema: "Sisi tulikuwa tunapeleka nguo kwa maji. Nyinyi mnaleta maji kwa nguo." Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe historia yote ya kufua iko mle ndani.

Zamani Uvira, nguo zilikwenda kwenye mto Mulongwe. Sabuni ya duka ilikuwa haba, kwa hiyo walichuja maji kupitia majivu. Maji ya majivu ni makali, yanakata mafuta kwenye nguo. Ukiyachemsha na mawese, unapata sabuni ya nyumbani. Nguo zilipigwa juu ya jiwe, zikasuuzwa katika maji yanayotembea, zikaanikwa kwenye majani. Kazi ilikuwa nzito, lakini hakuna aliyebeba maji: mto wenyewe ndio uliosuuza.

Majirani zetu Waethiopia nao wana yao. Kwao kuna mmea unaoitwa endod. Matunda yake yakikaushwa na kusagwa, yanatoa povu. Mwaka 1964, mwanasayansi wao Aklilu Lemma alikuwa mjini Adwa akaona kitu cha ajabu: pale wanawake walipofulia kwa endod, konokono wengi wa mtoni walikuwa wamekufa. Ni konokono wa namna hiyo wanaobeba vimelea vya kichocho. Yaani wale mama walikuwa wanafua nguo na kupambana na ugonjwa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyewapa cheti.

Halafu ikaja sabuni ya kiwandani, na hapo Kongo inaingia tena. Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight mwaka 1884. Biashara ikakua, akahitaji mafuta mengi. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ikampa maeneo makubwa ya michikichi Kongo. Wanaume wengi walilazimishwa kukwea miti ile na kukata chikichi kwa malipo kidogo sana. Sabuni iliyompunguzia kazi mama wa London ilikuwa na jasho la Mkongo ndani yake.

Mwaka 1907 Wajerumani walileta Persil, sabuni ya unga. Baadaye zikaja mashine za umeme. Leo Mbarara utakuta dobi mwenye mashine (neno dobi lenyewe lilivuka bahari kutoka India). Lakini angalieni vizuri: mashine inayofua yenyewe inataka bomba ndani ya nyumba na umeme. Pale ambapo maji hayajaingia nyumbani, nayo haiingii.

Sisi tuko wapi katika historia hii? Katikati. Tuna sabuni ya unga ya kisasa, beseni la plastiki, lakini hatuna mto wala mashine. Ziwa Nakivale lipo, ila kufulia ziwani ni kurudisha povu kwenye maji yale yale yanayosafishwa na kuletwa kwenye mabomba ya kambi. Kwa hiyo maji yanabebwa kichwani.

Tupige hesabu. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika hufuata, kinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Familia ya watu 6 ni lita 90, jerikani nne na nusu, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Nyumbani kwetu kufua kwa wiki peke yake, pamoja na kusuuza, kunakula jerikani 6. Nani anazileta? Mwaka wa mtihani wake wa P7, dada yangu alikosa masomo ya Jumamosi mara nyingi sababu ya foleni. Mimi nilikuwa nabadilisha shati kila siku, sijui hata maji yametoka wapi. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Basi, kwa ndugu zangu wa mashirika: Sphere inataja pia gramu 200 za sabuni ya kufulia kwa mtu kwa mwezi, mbali na gramu 250 za kuoga. Sabuni ikipunguzwa, upele hauchelewi. Na mkijenga bomba, jengeni na sehemu ya kufulia hapo hapo, yenye mfereji, na kona ya faragha kwa dada zetu kufulia vitambaa vyao vya mwezi. Nguo zikienda tena kwa maji, shingo zitapumzika.

Kwa sisi wavulana, hatuhitaji kusubiri mradi. Jumamosi hii chukua jerikani, panga foleni, fua shati lako. Mimi nilianza mwaka jana. Bibi alicheka sana akiniona nasuuza, halafu akanionyesha jinsi ya kukamua kola.